Kafyu ya 2020: sheria ya polisi ilipokutana na mama mwenye uchungu saa nne usiku

UZI 🧵

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia, hoja mbili kuhusu corona hurudi. Mmoja anasema, "Kafyu ilituokoa, bila hiyo tungezikana kwa halaiki." Mwingine anajibu, "Kafyu ilikuwa mateso tu, watu walipigwa bure." Halafu wanarushiana maneno mpaka asubuhi na hakuna aliyejifunza kitu.

Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tuangalie historia, kwa sababu kuna swali moja ambalo pande zote mbili huliruka: usiku ule wa kafyu, kazi ya kumfikisha mgonjwa hospitali ilikuwa ya nani?

2/ Tuanze na tarehe, maana watu wamesahau.

Machi 13, 2020: kisa cha kwanza cha corona kinatangazwa Kenya.
Siku mbili baadaye: amri ya kufunga shule.
Machi 27: kafyu inaanza nchi nzima, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.
Aprili 6: Nairobi na viunga vyake vinafungwa, hutoki wala huingii. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale.
Julai 2020: mipaka hiyo inafunguliwa, lakini kafyu inabaki.

Saa za kafyu zilibadilishwa mara nyingi. Ikawa saa tatu usiku, ikawa saa tano, ikarudi nyuma tena. Machi 2021 Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa upya hadi Mei. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021. Hiyo ni karibu miezi 19. Mtoto aliyezaliwa kafyu ikianza alikuwa anatembea ilipoisha.

3/ Sasa hapa ndipo historia inaingia. Watu wengi hudhani kafyu ilitoka kwa sheria ya afya. La.

Kulikuwa na sheria mbili zikifanya kazi pamoja. Kufunga kaunti na kuvaa barakoa kulitoka kwa Sheria ya Afya ya Umma, ambayo mizizi yake ni ya 1921. Lakini kafyu ilitoka kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, na hiyo ilianza 1950, wakati wa mkoloni.

Sheria hiyo inampa waziri wa usalama, kwa ushauri wa mkuu wa polisi, uwezo wa kuwafungia watu ndani kwa ajili ya utulivu. Daktari hana nafasi ya lazima katika uamuzi huo. Iliandikwa kwa ajili ya fujo, na virusi havikuwa akilini mwa walioiandika.

4/ Kama una babu au nyanya aliyeishi Kati au Nairobi miaka ya hamsini, muulize kafyu ni nini. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Vijiji vilizungushiwa mitaro na miiba, watu wakapangiwa saa za kutoka na kurudi. Usiku ulikuwa wa askari.

Ukiangalia tarehe hizo mbili utaona jambo. Kafyu ya corona iliondolewa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, sikukuu inayotokana na ile Oktoba 20 ya 1952. Miaka 69 katikati, na chombo kilichoshikwa mkononi kilikuwa kile kile: mfunge mwananchi ndani, halafu mwache polisi aamue nani ana sababu nzuri ya kuwa nje.

5/ Kwa hivyo ukiuliza kwa nini mambo yalienda vile yalivyoenda, jibu si tu ati polisi wetu ni wakali. Ukikabidhi tatizo la afya kwa chombo cha usalama, chombo kitafanya kile kinachojua kufanya.

Machi 27, siku ya kwanza kabisa, saa moja haijafika, watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni walirushiwa vitoa machozi na kupigwa. Yaani tuliambiwa tusisongamane, halafu tukasongamanishwa tukikohoa. Siku chache baadaye mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Mwanzoni mwa Juni 2020, mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA, ilisema uchunguzi wake wa awali umehusisha polisi na vifo 15 na majeruhi 31 tangu kafyu ianze.

6/ Kesi ilifika kortini mapema. Aprili 16, 2020, Mahakama Kuu iliamua juu ya kesi ya Chama cha Wanasheria. Ilisema mambo mawili, na watu wa mitandao hukumbuka lile linalowafaa tu.

La kwanza: kafyu yenyewe haivunji katiba.
La pili: nguvu kupita kiasi iliyotumiwa na polisi inavunja katiba.

Anayesema "korti ilikubali kafyu" yuko sawa. Anayesema "korti iliwakosoa polisi" pia yuko sawa. Lakini soma amri ya kafyu tena. Wafanyakazi wa afya walikuwa kwenye orodha ya huduma muhimu, wangeweza kutembea usiku. Je, mgonjwa anafikaje kwa huyo mfanyakazi wa afya? Hapo ndipo pengo lilipokuwa.

7/ Wacha nieleze pengo hilo nilivyoliona mimi. Nilikuwa naishi kwa ploti huku Eastlands. Mei 2020, jirani yetu, mke wa fundi wa viatu, alishikwa na uchungu saa nne usiku. Matatu hakuna. Tulipigia watu wa boda watatu, wote walikataa, na sikuwalaumu. Walikuwa wameona wenzao wakinyang'anywa pikipiki. Wa nne alikubali kwa shilingi 1,500, safari ambayo mchana ni 150.

Kwa kizuizi walisimamishwa. Askari akauliza barua. Barua ya nini? Uchungu hauandiki barua. Walikaa pale karibu nusu saa, mpaka askari mwingine, mama wa makamo, akaja akamwangalia yule mama na kusema, "Wacheni hawa waende." Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri.

Hiyo inaitwa bahati. Askari mzee angekuwa likizo usiku huo, sijui tungekuwa tunasimulia nini.

8/ Na haikuwa kwetu tu. Dkt. Jemimah Kariuki, daktari wa akina mama katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliona akina mama wanachelewa kufika, au wanafika hali imeshaharibika. Alianza kwa kutoa namba yake mtandaoni ili mama akikwama usiku apate gari. Kikatokea mpango wa Wheels for Life: unapiga simu bure, daktari anakusikiliza, ikihitajika unatumiwa teksi au ambulensi.

Jiulize. Nchi ilikuwa na kujifungua bure hospitali za umma tangu 2013, baadaye tukaita Linda Mama. Kitanda kilikuwa bure, barabara ndiyo iliyokuwa imefungwa. Na aliyeziba pengo hilo kwanza alikuwa daktari mmoja na simu yake.

9/ Mchana nao ulikuwa na shida zake. Mama yangu ana presha na sukari, anaishi Murang'a. Kliniki yake ilikuwa Nairobi. Mpaka wa Nairobi Aprili ile uliwekwa daraja la mto Chania, pale Thika. Yeye ng'ambo, dawa zake huku.

Sheria iliruhusu mizigo kupita, watu hapana. Basi nilikuwa nanunua dawa kemisti, nafunga kwa karatasi, nampa dereva wa lori la mboga anayerudi tupu. Jioni Mama ananipigia: "Zimefika, lakini hizi nyeupe si zile." Kampuni tofauti, dawa ile ile. Hakuna daktari aliyempima presha kuanzia Aprili hadi Julai. Kabichi zilikuwa na kibali cha kuvuka Chania, mgonjwa wa sukari hakuwa nacho.

10/ Watu waliishi vipi? Kwa ujanja na kwa kusaidiana. Matatu ya abiria 14 ilibeba 8, nauli ikapanda. Ada ya kutuma pesa kidogo kwa simu iliondolewa hadi mwisho wa 2020, na hiyo ilisaidia kweli, maana chama chetu cha ploti kilichanga kwa simu bila kukutana. Kliniki nyingi za HIV zilianza kutoa dawa za miezi mitatu kwa mara moja ili watu wasirudi kila mwezi.

Kumbuka hilo la dawa za miezi mitatu. Ni ushahidi kwamba mtu wa afya akipewa nafasi ya kufikiria, hupata njia ya kupunguza msongamano bila kumpiga mtu rungu.

11/ Lakini tuwe waaminifu: si kila kitu kilikuwa kosa la kafyu. Huku mitandaoni tunapenda kulaumu kitu kimoja.

Watu waliogopa hospitali zenyewe. Mwanzoni karantini ilikuwa kwa gharama yako, na waliokamatwa nje saa za kafyu walitishwa nayo. Nani angeenda kukohoa mbele ya sista akijua anaweza kufungiwa siku 14 na bili juu? Karantini ilipogeuka kuwa adhabu, watu walijificha.

Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, madaktari wakafuata. Walidai vifaa vya kujikinga, bima, mishahara. Mwaka huo huo ununuzi wa vifaa vya corona wa shilingi bilioni 7.8 pale KEMSA ukawa sakata la kuchunguzwa. Na mapema 2021 dawa za HIV za wafadhili zilikwama bandari ya Mombasa kwa mvutano wa kodi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosababishwa na saa za kafyu.

12/ Kwa hivyo ukiwa kwa mjadala, tenganisha vitu vitatu.

a) Ugonjwa: ulikuwa wa kweli na uliua watu.
b) Kanuni: kupunguza mikusanyiko kulikuwa na sababu ya kiafya.
c) Utekelezaji: nani alipewa kazi, kwa sheria gani, na nani alisahauliwa.

Wanaosema "kafyu ilituokoa" huongea juu ya (a) na (b). Wanaosema "kafyu ilikuwa mateso" huongea juu ya (c). Ndiyo maana hawasikilizani. Unaweza kuamini watu walistahili kupunguza kutembea usiku na pia kuamini mama mwenye uchungu hakustahili kuulizwa barua. Hayo mawili hayagombani.

13/ "Sawa, lakini hayo yamepita, corona iliisha." Hapana, na hii ndiyo sababu nimeandika uzi huu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitali. Yaani safari yenyewe ni sehemu ya haki yako. Sheria hiyo ilikuwa na karibu miaka mitatu kafyu ilipoanza. Ilikuwa kwenye vitabu. Iliyotumika barabarani usiku ilikuwa ya 1950.

Na ile ya 1950 ingali ipo. Kesho kukiwa na ugonjwa mwingine, au mafuriko, au fujo, waziri yeyote wa serikali yoyote anaweza kuifungua kwa ukurasa ule ule.

14/ Hospitali nyingi ziko chini ya kaunti tangu 2013. Polisi wako chini ya serikali kuu. Usiku wa kafyu, gavana ana ambulensi na kitanda, lakini kizuizi cha barabarani si chake. Kila mmoja akiulizwa, anaonyesha mwenzake. Kwa hivyo wakija kuomba kura, wa kaunti na wa kitaifa, waulizeni haya:

– Amri ya kafyu ikitolewa tena, je, mgonjwa na anayempeleka wataandikwa ndani ya amri yenyewe, au tutangoja huruma ya askari?
– Ambulensi ngapi za kaunti hii zinafanya kazi leo saa nane usiku, na namba ya kupiga ni ipi?
– Mwanaboda akimbeba mgonjwa usiku wa kafyu, nani anamlinda asikamatwe na pikipiki yake?
– Mtu mwenye presha, sukari au HIV akifungiwa nje ya kaunti ya kliniki yake, dawa anapata wapi?

Mtu akikujibu kwa kulaumu serikali iliyopita, mrudishe kwa swali. Mtu akikujibu kwa namba ya simu, ipigeni hapo hapo mkutanoni tuone kama inaita.

15/ Kama ulikuwa mwanaboda, sista, mkunga, au askari wa kizuizi 2020–2021, tuandikie hapa chini ulichokiona. Usitaje jina la mgonjwa. Taja mwezi, mtaa na saa. Kumbukumbu hizi zikipotea, mjadala unaofuata utakuwa tena wa kurushiana maneno.