Kazi moja hujibu nyingine: maonyesho ya pamoja ya sanaa ni nini?

Ingia duka lolote la vinyago Mombasa, Diani au Malindi. Utakuta rafu moja imejaa sahani, vibakuli na tembo wadogo wa mawe ya Kisii, na rafu ya pili imejaa twiga na vifaru wa mbao, kazi ya mikono ya Wakamba. Vitu hivyo hukaa pamoja hata mwaka mzima, lakini hakuna aliyevipanga ili vizungumze. Vimepangwa kwa ukubwa na kwa bei. Hapo ni dukani. Maonyesho ya pamoja ni jambo jingine, na makala hii inaeleza tofauti hiyo na kwa nini inatuhusu.

Maana yake

Maonyesho ya pamoja hukusanya kazi za wasanii wawili au zaidi mahali pamoja, chini ya jina moja, kwa sababu inayojulikana. Sababu yaweza kuwa kizazi, eneo, mada kama bahari au ardhi, au hata kitu kilichotumika kutengenezea. Anayechagua na kupanga huitwa msimamizi wa maonyesho. Kazi yake haiishii kwenye kupiga misumari ukutani. Ndiye anayeamua picha ipi iangaliane na ipi, ipi ionwe kwanza mtu anapoingia mlangoni, na nafasi iachwe kiasi gani kati ya hii na ile.

Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa sana jambo hili, kwa sababu leso imekwisha kutufundisha. Leso ikiwa imekunjwa kabatini, jina lake ni methali tu. Ikivaliwa mbele ya jirani, jina hilo huwa neno. Kesho jirani akitoka na yake, huwa jibu. Maana haimo katika leso ya kwanza wala ya pili, imo baina ya hizo mbili. Msimamizi mzuri wa maonyesho hutafuta maana ya namna hiyo.

Mfano wa Nairobi

Mfano mmoja ulio karibu nasi una jina la Kiswahili: "Mwili, Akili na Roho". Uliandaliwa na mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, na ulikusanya wachoraji 10 wa Afrika Mashariki waliofanya kazi kati ya mwaka 1950 na 2000. Picha hizo zilionyeshwa Munich, na baadhi yake London, pamoja na kazi za Armitage mwenyewe, kisha mwaka 2022 zikaja Nairobi, katika taasisi ya sanaa ya kisasa aliyoianzisha huko.

Miongoni mwa hao 10 yumo Sam Ntiro, mzaliwa wa Uchagga aliyefundisha Makerere na baadaye akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Yumo Elimo Njau, naye wa kutoka Kilimanjaro, aliyechora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a na kuanzisha kituo cha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965. Yumo Theresa Musoke wa Uganda. Yumo Jak Katarikawe, aliyekuwa dereva Kampala kabla ya kujulikana kwa uchoraji. Na yumo Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi, mmoja wa waanzilishi wa kundi la wasanii wa Ngecha, karibu na Limuru.

Ukiiona picha ya Katarikawe peke yake utasema huyu alijifundisha mwenyewe, hana mwalimu. Ukiiona chumba kimoja na ya Ntiro, unakumbuka kwamba Ntiro alikuwa miongoni mwa waliomtia moyo dereva yule. Mara picha mbili zinakuwa hadithi moja ya mtu aliyesoma na mtu ambaye hakusoma, wakitazama shamba na kijiji kwa macho mawili. Picha nyingi za kizazi hicho zimetawanyika majumbani mwa watu binafsi, nyingine nje ya nchi. Bila mtu wa kuzikusanya, kijana anayeanza kuchora leo angedhani yeye ndiye wa kwanza.

Mpangaji akikosea

Kama mpangaji ana uwezo wa kujenga, basi pia anaweza kubomoa. Kenya iliujua ukweli huo mjini Venice, Italia, ambako nchi za dunia hupeleka sanaa zao kila baada ya miaka miwili katika maonyesho yaitwayo Biennale.

Mwaka 2013 banda lililobeba jina la Kenya lilijaa zaidi wasanii kutoka China, na Wakenya walikuwa wachache mno. Mwaka 2015 orodha ya namna hiyo ilitangazwa tena. Ilikuwa na Wachina wengi, na pamoja nao Armando Tanzini, Mwitaliano aliyeishi Malindi miaka mingi. Safari hii wasanii wa Nairobi walipiga kelele. Michael Soi alichora picha kadhaa kuhusu aibu hiyo ya Venice. Waziri aliyehusika na utamaduni wakati huo, Hassan Wario, alijitenga na maonyesho hayo.

Hoja haikuwa kwamba Mchina au Mwitaliano hafai kuchora. Hoja ilikuwa kwamba kazi zile, zikiwekwa pamoja chini ya jina la Kenya, zilisema jambo ambalo Wakenya hawakulisema. Ni kama kuvishwa leso yenye jina usilolichagua, kisha ukapelekwa arusini.

Mwaka 2017 Wakenya walirudi wakiwa na wasanii wao: Arlene Wandera, Paul Onditi, Peterson Kamwathi, Richard Kimathi na Mwangi Hutter. Msimamizi alikuwa Jimmy Ogonga. Fedha zilizoahidiwa na serikali hazikufika kwa wakati, na maonyesho yakafanyika katika jengo la shule.

Ogonga alirudi tena mwaka 2022 na wasanii wanne, Dickens Otieno, Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai na Wanja Kimani. Jina alilolipa banda, kwa Kiswahili, ni sawa na kusema "Mazoezi ya Mazungumzo". Otieno hukata mikebe ya soda na bia kuwa nyuzi, akaifuma kama kitambaa. Nyamai hushona na kubandika tabaka juu ya tabaka katika turubai zake. Kimani hutumia nguo, filamu na mwili wake mwenyewe. Kyambi ameunda mhusika mjanja aitwaye Kaspale, anayeingia katika historia ya ukoloni na kuichokoa. Uzi, sindano na kovu zinapita katika kazi zao, ingawa kila mmoja anafanya kivyake. Banda lilelile lililokuwa fedheha miaka saba nyuma lilikuwa sasa na jambo la kusema.

Na Kisii je?

Turudi kwenye rafu ya duka. Mawe yale hutoka hasa Tabaka, upande wa Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii. Kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'ae. Tabaka imemtoa Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini sehemu kubwa ya kazi za wenzake hushuka pwani bila jina la aliyezichonga.

Chukua Nyamache, mji mdogo wa Bobasi katika kaunti hiyohiyo, penye mashamba ya chai. Tuseme ukumbi wa shule huko ukafunguliwa siku tatu, ukawekwa jiwe la Tabaka kando ya kipande cha mlango wa Lamu, na obokano, kinanda cha nyuzi nane cha Abagusii, kando ya gambusi letu. Mtoto wa Nyamache ataona kwamba mchongaji wa jiwe na fundi wa mlango wote wawili hufanya kazi kwa kupunguza, wala hakuna anayeweza kurudisha alichokwisha kuondoa. Mtu wa pwani naye ataona kwamba kile alichokiuza miaka yote kama zawadi ya watalii kina mwenyewe. Venice mwaka 2017 ilikuwa shule, hivyo ukumbi wa shule si kisingizio.

Namna ya kutazama

Ukiingia katika maonyesho ya pamoja, usipite mbiombio ukitafuta picha nzuri kuliko zote. Simama kati ya kazi mbili, ujiulize mambo matatu. Zimewekwa karibu kwa sababu gani? Hii ingesema nini kama ile isingekuwepo? Na nani aliyechagua, kwa niaba ya nani?

Swali la tatu ndilo lililowakera wasanii wa Nairobi mwaka 2015. Liulize hata dukani, ukiinua tembo wa jiwe na kutazama chini yake kama kuna jina.