Mjonso, Dawa Chungu ya Watongwe

Ukitoka Litapunga, mkoani Katavi, ukaelekea magharibi, kupitia Mishamo hadi Ziwa Tanganyika, unaingia nchi ya Watongwe. Huko humea mjonso, ambao wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Majani yake ni machungu hasa, na Watongwe huyafanya dawa ya tumbo, minyoo na homa. Warundi waliokimbilia makazi ya Katumba baada ya mauaji ya 1972 nchini Burundi nao waliujua tangu kwao, kwa jina la umubirizi.

Novemba 1987, Mohamedi Seifu Kalunde alikuwa porini katika Milima ya Mahale, kando ya ziwa hilo, pamoja na mtafiti Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Kalunde alikuwa mlinzi wa wanyamapori, na uganga alikuwa ameurithi kwa wazee wake. Siku moja walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa hoi, chakula hakitaki, kila mara anajilaza. Alipofika penye mjonso alivuta tawi changa, akamenya gome na kulitupa pamoja na majani, kisha akatafuna kiini chake taratibu, akafyonza maji na kutema makapi. Kalunde akamweleza Huffman kwamba ile ni dawa kali, na kwao hutumika. Kesho yake Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu, anakula.

Kwangu mimi, uzito wa kisa hiki uko katika maneno ya Kalunde. Watafiti wa Kijapani walikuwa na kambi Kasoge, hukohuko Mahale, tangu 1965, na daftari zao zilijaa majina ya mimea iliyoliwa na sokwe. Asiyejua mjonso ni nini angeandika tu kwamba sokwe amekula, akapita. Mganga ndiye aliyeona mgonjwa anayejitibu. Ndiyo maana makala ya 1989 kuhusu kisa hiki katika jarida la Primates ina majina mawili, Huffman na Seifu, na ni haki kabisa.

Maabara ya Kyoto ilikuja kukuta katika kiini kile vernoniosidi B1, na katika majani vernodalini, ambayo kwa wingi ni sumu. Bila shaka Chausiku hakuyatupa majani bure. Mwaka 1991 jike mwingine mgonjwa alionekana akitafuna kiini hichohicho. Mayai ya minyoo katika kila gramu ya kinyesi chake yalikuwa 130. Baada ya saa 20 yalibaki 15.