Makontena, mbao na vyuma chakavu: Wapi panaruhusiwa kuhifadhiwa mzigo mahali pa wazi Unguja

UHIFADHI wa bidhaa nje ya ghala ni jambo linaloonekana dogo, lakini katika kisiwa cha Unguja linagusa ardhi, maji ya kunywa na hadhi ya Mji Mkongwe kimataifa. Kisiwa kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,660 tu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, karibu nusu yao wakiwa Mkoa wa Mjini Magharibi. Hivyo kila yadi ya makontena, mbao au vyuma chakavu huwa jirani wa nyumba ya mtu.

Chimbuko la tatizo

Mji Mkongwe ulikua kutokana na bandari. Karafuu, pembe za ndovu na boriti za mikoko vilishushwa na kupakiwa ufukweni, na maghala yalijengwa hatua chache kutoka majini. Mzigo wa jahazi uliweza kubebwa na mahamali hadi ndani ya vichochoro. Kontena haliwezi. Linahitaji uwanja mpana, sakafu ngumu na barabara ya malori, mambo ambayo eneo la Malindi, lililobanwa baina ya bahari na mji, halina kwa wingi.

Juhudi za kutenganisha makaazi na shughuli nzito si mpya. Mipango ya mji iliandaliwa mwaka 1923, 1958, 1968 na 1982, na Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1955 ndiyo iliyoweka msingi wa kisheria wa kugawa maeneo kwa matumizi.

Ngazi za udhibiti

Kwa mujibu wa Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Aliyepewa kiwanja cha makaazi, kwa hiyo, hana uhuru wa kukigeuza yadi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ndani ya Mji Mkongwe masharti ni makali zaidi. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, ikapewa sheria mwaka 1994 na sheria mpya mwaka 2010. Mwaka 2000 mji huo uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukiwa na takriban hekta 96 pamoja na eneo la kinga la takriban hekta 85. Miradi mikubwa humo hutakiwa kuarifiwa kwa Kamati ya Urithi wa Dunia kabla ya maamuzi yasiyorudishika nyuma. Ukarabati wa bandari ya Malindi katika miaka ya 2000 ulizusha maswali ya kamati hiyo kwa sababu hii hii.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 iliunda mamlaka ya mazingira, ambayo hushughulikia tathmini ya athari za miradi. Usafi wa mitaa na leseni za biashara zimo mikononi mwa mabaraza ya manispaa.

Kwa nini sakafu ni muhimu

Unguja haina mito mikubwa. Maji yake hutoka chini ya ardhi, zikiwamo chemchemi za Bububu na Mwanyanya zilizoulisha mji tangu zamani. Mafuta yanayovuja kutoka injini kuukuu hupenya kirahisi katika mwamba wa matumbawe. Ndiyo maana mipango mizuri ya yadi popote duniani hudai sakafu isiyopitisha maji, mitaro yenye kutega mafuta, uzio unaoficha mzigo, kikomo cha kimo cha marundo, na njia ya kupita gari la zimamoto.

Mzigo kuhama kaskazini

Shehena nyingi zimesogezwa Maruhubi, nje kidogo ya mji, huku Amani na Fumba zikitengwa kwa viwanda na uwekezaji. Hata hivyo, kuhamisha mzigo hakumalizi tatizo. Maruhubi yapo magofu ya kasri la Sayyid Barghash. Mtoni, kasri alilozaliwa Bibi Salme mwaka 1844 liligeuzwa ghala wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye bohari ya mafuta ikawekwa jirani yake.

Mambo ya kuzingatia

Mwenye nia ya kufungua yadi anashauriwa kwanza kuthibitisha matumizi yaliyoidhinishwa ya kiwanja, kisha kuomba kibali cha mipango miji, na mwisho leseni ya manispaa. Kiwanja kikiwa ndani ya Mji Mkongwe au eneo lake la kinga, idhini ya mamlaka ya hifadhi hutangulia yote. Anayeruka hatua ya kwanza hujikuta amelipia uzio na sakafu mahali ambapo leseni haiwezi kutolewa.