Mlango wa Tiba ya Kwanza: Bima ya Afya ya Jamii na Familia za Kipato cha Chini Thika na Ruiru

Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto wa Kenya alitia saini sheria nne za afya kwa siku moja, miongoni mwazo Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali, NHIF, iliyokuwa imedumu tangu 1966. Pesa za matibabu sasa zimegawanywa katika mifuko mitatu. Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi hutokana na kodi, na kimsingi hulipia matibabu ya ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya, ambako mgonjwa hatakiwi kutoa chochote. Mfuko wa pili, SHIF, ndiyo bima yenyewe: hugharamia hospitali kuanzia ngazi ya 4, na anayeutegemea sharti awe ametoa mchango wake. Wa tatu ni wa dharura, na wa magonjwa sugu pale bima ya mtu inapofika ukomo.

Mpango huu una haki ndani yake. Tiba ya kwanza ni ya kila mtu. Bima inasubiri gharama nzito. Lakini mpaka kati ya ngazi ya 3 na ya 4 umechorwa na watu waliokuwa wakiwazia kata ya mashambani, yenye zahanati yake, kituo chake cha afya, na hospitali ya kaunti ndogo mbali kidogo. Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu, hazikujengeka hivyo. Nadai kwamba katika miji hii miwili familia maskini zimepewa haki ya tiba ya bure mahali ambapo mlango wa kuingilia ni haba, na kutozwa mchango pale ambapo mlango upo. Kasoro hiyo haiwezi kurekebishwa kwa kampeni za usajili.

Tuanze na jinsi miji yenyewe ilivyokua. Kwa sensa ya 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi 238,858. Sensa ya 2019 ikawakuta 490,120. Mji uliongezeka maradufu katika miaka kumi, na katikati ya miaka hiyo, mnamo 2012, barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa ilifunguliwa. Mashamba ya kahawa yakakatwa ploti za hamsini kwa mia, zikauzwa moja moja, na juu yake yakaota majumba ya kupangisha: Kihunguro, Kimbo, Gatongora, Githurai. Ardhi hiyo ilitoka mikononi mwa wenye mashamba na kampuni za kununua ardhi ikaingia mikononi mwa wenye ploti. Katika mauziano ya namna hiyo kila futi ina bei, na kiwanja cha kituo cha afya ndicho cha kwanza kusahaulika. Thika, yenye wakazi 251,407 katika sensa hiyo ya 2019, ina historia tofauti. Ni mji wa viwanda, na watu wake wa kipato cha chini wamejibana karibu na kazi, Kiandutu na Makongeni, au wanatoka kila alfajiri kutafuta kibarua viwandani, machimboni na katika mashamba ya mananasi.

Mtoto akipata homa usiku katika mitaa hii, mara nyingi mzazi ana njia mbili. Anaweza kwenda kwenye kemisti au kliniki ya binafsi ya karibu, alipe pesa taslimu. Au anangoja kuche aende hospitali: Ruiru, ambayo ni ya ngazi ya 4, au Thika, ya ngazi ya 5. Hospitali ya Thika hupokea pia wagonjwa wa rufaa kutoka pande za Murang'a na Machakos na majeruhi wa ajali za barabara kuu. Ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kuwa zahanati ya mama ambaye mtaa wake hauna kituo cha umma na mwanawe ana kikohozi. Mtaalamu wa mipango atasema kwamba mama huyo ameruka ngazi. Kwa maoni yangu ngazi ndizo zilizomruka.

Sasa tutazame mchango wenyewe. Sheria inataka asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukipiga hesabu, shilingi 300 ni asilimia 2.75 ya takriban shilingi 10,900. Kaya yoyote inayopata chini ya hapo hulipa kwa kiwango kikubwa kuliko meneja: anayepata shilingi 6,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 5. Ni kweli kwamba mfumo mpya umeondoa dari ya shilingi 1,700 iliyokuwa ikiwalinda wenye mishahara minono chini ya NHIF, na hilo ni jambo jema. Lakini sakafu imebaki, na wanaoikanyaga ni maskini.

Tena asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Mpasua mawe hulipwa kwa siku, mama mboga huhesabu faida yake jioni, na wote wawili wana kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Shilingi 10 kwa siku huenda wangezipata. Shilingi 3,600 kwa mara moja ni mtaji wa kibanda. Serikali imeleta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, na kwa kufanya hivyo imekiri tatizo. Lakini kumkopesha mtu ili alipe bima ya umma ni kumwongezea deni juu ya umaskini.

Kiasi ambacho kaya isiyo na mshahara itatozwa hukisiwa kwa maswali kuhusu hali yake ya maisha: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, chakula kinapikwa kwa nishati ipi. Maswali hayo huenda yakamtambua maskini wa kijijini. Huku kwetu mawe ya kujengea huchimbwa karibu, kwa hiyo hata chumba kimoja cha bei ya chini kabisa ni cha mawe, kina sakafu ya saruji na umeme wa tokeni. Mpangaji hamiliki hata jiwe moja kati ya hayo. Ukimpima kwa kuta za mwenye nyumba utamtoza kwa utajiri wa mtu mwingine, na kodi anayolipa kila mwezi, ambayo ndiyo inayomnyima akiba, haitaonekana popote katika hesabu yako.

Mfano mchungu zaidi ni wa uzazi. Tangu Juni 2013 mama wa Kenya aliweza kujifungua bila malipo katika kituo cha umma, na baadaye mpango huo ukaendeshwa chini ya NHIF kwa jina la Linda Mama. Hakuulizwa mchango. Katika mfumo wa sasa bima hulipa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, viwango bora kuliko vya zamani kwa hospitali, lakini mama anayejifungulia hospitalini lazima awe na bima iliyolipiwa. Tumeongeza malipo ya hospitali na papo hapo tukamwekea mjamzito kizuizi mlangoni. Mjamzito wa Kihunguro anayeshauriwa kwenda hospitali kwa sababu shinikizo la damu limepanda hana hiari ya kubaki ngazi ya 3.

Wapo wanaojibu kwamba bila mchango watu hawathamini huduma, na kwamba hazina haiwezi kubeba kila kitu. Hoja ya kwanza tumekwisha kuijaribu. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada ya wagonjwa wa nje. Desemba 1989 ada zikarudishwa kwa jina la kuchangia gharama, mahudhurio yakaporomoka, na kufikia Septemba 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa, kisha ikarejeshwa kwa awamu. Mwaka 2004 ikapunguzwa kuwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya, na 2013 ikafutwa katika ngazi hizo. Kinachoonekana katika historia hiyo ni kwamba ada iliporudishwa, watu waliacha kuja.

Hoja ya uwezo wa hazina ni nzito zaidi, na inastahili takwimu. Bajeti ya 2024/25 ilitenga shilingi bilioni 4.1 kwa Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi. Ya 2025/26 ilipandisha hadi bilioni 13.1. Ongezeko hilo ni kubwa na linafaa kupongezwa. Hata hivyo, ukigawa bilioni 13.1 kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa 2019, kila mmoja anapata kama shilingi 275 kwa mwaka mzima. Mchango wa mwezi mmoja wa kaya maskini kabisa unazidi kile ambacho dola inamtengea mtu mmoja kwa tiba yake ya kwanza ya mwaka. Oktoba 2025 serikali ilianza kuwalipia michango watu milioni 2.2 wasiojiweza, na ni hatua ya utu. Ila inategemea kwanza kumtambua asiyejiweza, na nimekwisha kueleza jinsi utambuzi huo unavyopotea katika vyumba vya mawe.

Pesa pekee pia hazitoshi. Mwishoni mwa Mei 2025 madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma, na mgomo wao ukaendelea hadi Oktoba, takriban siku 150. Katika muda huo mwenye bima kamili na asiye na bima walikuta hospitali ya umma ile ile isiyo na daktari. Mwenye pesa alivuka barabara akaingia ya binafsi. Bima ni ahadi ya kulipia huduma, na kaunti ndiyo inayoajiri watoa huduma tangu ugatuzi wa 2013. Mkataba wa kazi wa daktari na muuguzi ni sehemu ya bima ya maskini, ingawa hauandikwi katika kadi yake.

Njia nyingine ipo. Thailand ilipoanzisha mpango wake wa afya kwa wote kati ya 2001 na 2002, haikuwatoza michango watu wa sekta isiyo rasmi. Iliwagharamia kwa kodi. La kutufaa sisi zaidi ni namna pesa zilivyogawanywa: hospitali ya wilaya pamoja na vituo vyake vya afya hupewa kiasi kwa kila mkazi aliyesajiliwa katika eneo lao. Pesa zinamfuata mkazi. Sheria yetu ya Huduma za Afya ya Msingi ina chombo kinachokaribiana na hicho, mitandao ya huduma za msingi inayounganisha hospitali na zahanati zinazoizunguka, pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba yao ya kazi Septemba 2023. Hao wahamasishaji wanazijua nyumba moja moja, na wanajua ni mpangaji yupi aliyefungiwa mlango kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Kwa hiyo Thika na Ruiru zingeanzia hapa: Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi ulipie matibabu yote ya kwanza ya wakazi wao waliosajiliwa, yawe yametolewa zahanatini, Hospitali ya Ruiru, idara ya wagonjwa wa nje ya Thika, au kliniki ya binafsi iliyoingia mkataba katika mitaa isiyo na kituo cha umma. Uzazi wowote uhamishiwe kwenye mfuko huo, popote mama atakapojifungulia. Sakafu ya shilingi 300 iondolewe kwa kaya zilizo chini ya shilingi 10,900, na kodi ya nyumba itolewe kabla ya kukadiria mapato ya mpangaji. Nayo serikali ya Kaunti ya Kiambu isiidhinishe tena kukatwa kwa shamba la kahawa kuwa ploti mpaka kiwanja cha kituo cha afya kimepimwa na hati yake imeandikwa kwa jina la umma.