Turufu Iliyomzuia Salim

Mijadala ya vijana hapa Posta kuhusu ubabe wa Marekani huanzia Vietnam na kuishia Iraki. Ni nadra kusikia jina la Salim Ahmed Salim.

Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirejeshea China kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35. Salim, balozi wetu ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, alishangilia waziwazi ukumbini. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile aliitwa George Bush.

Mwaka 1981 Salim aligombea Ukatibu Mkuu akiungwa mkono na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Bush alikuwa Makamu wa Rais. Marekani ikamwekea Salim turufu, China ikamzuia Kurt Waldheim mara 16. Desemba wote wawili wakakaa kando, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Wengi hudai kilikuwa kisasi cha shangwe ile. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, ni nyepesi mno. Salim alikuwa ameiongoza kwa miaka kadhaa kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, na Namibia ilikuwa bado mikononi mwa Makaburu, ambao serikali ya Reagan ilikuwa ikiwabembeleza.