Upimaji wa viwanja vya biashara Tanzania Bara: muda na hatua zake

Upimaji wa kiwanja cha biashara ni kazi ya kuonyesha, ardhini na kwenye ramani, mipaka, ukubwa na mahali hasa lilipo eneo la duka, ghala, hoteli, kituo cha mafuta, ofisi au kiwanda. Tanzania Bara kazi hii huongozwa na Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura 324, yenye mizizi katika sheria ya kikoloni ya mwaka 1957. Hufanywa na mpima ardhi wa serikali au wa binafsi mwenye leseni, na huhesabiwa kuwa imekwisha pale ramani inapoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani au ofisa aliyekasimiwa madaraka yake.

Anayeuliza kazi hii huchukua muda gani huwa ameuliza mambo mawili kwa pamoja. Kiwanja cha ekari moja ambacho mipaka yake inajulikana na hakina ugomvi hupimwa kwa siku moja au mbili. Ramani ya kiwanja hichohicho hupata namba ya usajili baada ya wiki kadhaa, na mambo yakikwama, baada ya miezi. Mnunuzi huona bikoni, yaani mawe ya mipaka, zimeshapandwa, akadhani kazi imekwisha; mpima anajua kwamba sehemu ndefu ndiyo kwanza inaanza. Ugomvi mwingi kati ya wapimaji na wateja wao huzaliwa katika pengo hilo, na ungepungua sana kama mkataba wa kazi ungetaja tarehe mbili: ya kumaliza uwanjani na ya kuwasilisha ramani ofisini.

Katika biashara neno "upimaji" hubebeshwa pia kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni ukaguzi wa jengo, ambamo mhandisi hutazama nguzo, zege, paa, mabomba na nyaya. Ya pili ni uthamini, yaani kukadiria bei ya mali, kazi inayosimamiwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya 2016. Benki inayotoa mkopo kwa dhamana ya ghala huhitaji uthamini, na mthamini naye huhitaji ramani na hati. Ndiyo maana siku zinazopotea kwenye mipaka hujilipiza kwenye mkopo. Ukaguzi wa jengo haufai kuharakishwa kwa hoja hiyo ya mkopo. Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, hakuna mnunuzi wa jengo la biashara anayeweza kusema hakujua hatari iliyopo.

Siku za uwanjani

Mpima huanza kwa kutembelea eneo, kutafuta nukta za msingi za upimaji zilizo karibu, kisha kupanda bikoni na kuzipima. Zamani umbali ulipimwa kwa mnyororo au utepe wa chuma, na pembe kwa teodolaiti. Kiwanja kimoja cha kiwanda kiliweza kula wiki nzima. Leo mashine moja hupima pembe na umbali kwa pamoja, na vipokezi vya satelaiti, kimoja kikikaa kwenye nukta inayojulikana na kingine kikizungushwa mipakani, hutoa nafasi ya kila bikoni kwa usahihi wa sentimita chache ndani ya sekunde. Ukubwa wa eneo peke yake, kwa hiyo, hauamui tena muda kama ulivyoamua zamani. Shamba jeupe la ekari ishirini la kujenga kiwanda Kibaha linaweza kwisha mapema kuliko kiwanja cha duka chenye upana wa hatua chache katikati ya mji.

Kariakoo ni mfano mzuri. Mtaa huu, uliopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, una viwanja vidogo vilivyojengwa ukuta kwa ukuta. Bikoni za zamani zimefukiwa na zege au zimeng'olewa wakati wa kuchimba msingi. Ghorofa huziba anga, na mawimbi ya satelaiti hugonga kuta kabla ya kufika kwenye kipokezi, hivyo vipimo vyake haviaminiki. Mpima hulazimika kuvuta vipimo hatua kwa hatua kutoka nukta zilizo barabara za mbali, kupitia njia zilizojaa mikokoteni, bodaboda na wateja. Saa za alfajiri ndizo humfaa. Kazi ya kiwanja kimoja hapo huweza kuhitaji siku tatu au nne, na nusu yake ni kutafuta jiwe lililozikwa.

Nje ya mji adui ni mvua na majani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufanya baadhi ya maeneo ya Pwani yasipitike kwa gari, na baada ya mvua lazima mistari ya mipaka ifyekwe kabla ya kupimwa. Mwekezaji anayehitaji pia ramani ya mwinuko wa ardhi, ambayo msanifu wa jengo hawezi kuchora mifereji bila hiyo, aongeze siku nyingine kwa kazi hiyo. Ni afadhali kuiagiza mara moja pamoja na mipaka kuliko kuwarudisha watu na mashine mwezi unaofuata.

Kumbukumbu

Sehemu inayoamua muda hasa ni karatasi. Kabla ya kupima, mpima huhitaji mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa, ambao wengi huuita TP, uliotayarishwa chini ya Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007. Mchoro ukiwapo na ukionyesha kuwa eneo ni la biashara, kazi huenda. Ukiwa haupo, lazima uandaliwe kwanza na upitie idhini zake. Ukiwapo lakini ukasema eneo ni la makazi, mwenye kiwanja hana budi kuomba kubadili matumizi, na ombi hilo huanzia halmashauri. Jambo linalosubiri kikao hufuata ratiba ya vikao. Baraza la Madiwani, kwa kawaida, hukutana mara moja kila robo mwaka. Hakuna mashine ya satelaiti inayofupisha hilo.

Hufuata kutafuta ramani za jirani. Kiwanja kipya hakipimwi kama kisiwa: mpaka wake ni mpaka wa mtu mwingine ambaye huenda alipimiwa miaka arobaini iliyopita. Mpima hutafuta ramani hizo, vitabu vya vipimo vya uwanjani na mahesabu yake, kisha hulinganisha na anachokiona ardhini. Zikikubaliana, heri. Zisipokubaliana, mwenye uamuzi ni jiwe la awali lililosimama mahali pake, likithibitika kuwa ndilo, wala si namba iliyonakiliwa vibaya. Kuthibitisha hilo ndiko kunakokula wiki. Mpima mwenye haraka huifuata namba. Mpima mwangalifu hurudi ardhini na jembe. Huyu wa pili ndiye anayestahili kulipwa, hata akichelewa.

Tatizo moja la kumbukumbu linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu limewaponza watu wengi wanaonunua ardhi wakiwa na simu mkononi. Ramani nyingi za upimaji Tanzania ziliandaliwa kwa mfumo wa marejeo uitwao Arc 1960, uliotokana na mnyororo wa upimaji uliofuata mstari wa longitudo ya 30 mashariki kuvuka Afrika na kukamilika mwaka 1954. Simu na satelaiti hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Koodineti za ramani ya Arc 1960 zikiingizwa kwenye simu bila kugeuzwa, kiwanja huhama takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, na karibu mita 100 upande wa mashariki na magharibi. Mtu aliye Dar es Salaam hujikuta amesimama katika uwanja wa shule akitafuta ghala alilolipia. Pia nchi imegawanyika katika kanda tatu za koodineti: Dar es Salaam na Arusha ziko kanda ya 37, Dodoma na Mwanza kanda ya 36, na Kigoma mjini kanda ya 35. Mchoro usiotaja mfumo wala kanda hauna thamani ya upimaji, hata ukiwa na mhuri mzuri.

Baada ya uwanjani, mpima hufanya mahesabu, huchora ramani na kuwasilisha jalada. Mkaguzi hutazama kama mahesabu yanafunga, kama ukubwa ulioandikwa unalingana na koodineti, na kama kiwanja hakiingii ndani ya kingine. Jalada safi hupita. Lenye kasoro hurudishwa, na kila linaporudishwa hujiunga upya na foleni. Hapo ndipo wiki tatu hugeuka miezi mitatu. Ramani ikishaidhinishwa hupewa namba, na kipande chake huambatishwa kwenye hati inayosajiliwa na Msajili wa Hati. Hakimiliki yenyewe hutolewa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Barabara, bahari na kijiji

Biashara hupenda barabara kuu, na barabara kuu ina hifadhi yake. Kwa kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kipimo cha awali kilikuwa mita 22.5 kila upande. Kwa sababu hiyo ramani ya zamani ya kituo cha mafuta inaweza kuonyesha kiwanja halali ambacho sasa sehemu yake ya mbele imo hifadhini. Mpima anayelikuta jambo hili hulazimika kuwasiliana na wasimamizi wa barabara kabla ya kuendelea, na majibu yao huja kwa barua. Hoteli ya ufukweni ina kikwazo chake: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa au mto. Mstari wa kupimia mita hizo, katika ufuko unaoliwa na mawimbi kila mwaka, ni kazi inayodai utaalamu na siku za ziada.

Ardhi ya kijiji ni habari nyingine kabisa. Mwekezaji aliyekubaliana na mzee mmoja mwenye shamba hajakubaliana na kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, hutaka ardhi ihaulishwe kwanza kuwa ardhi ya jumla, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 idhini hutoka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mpima anayepanda bikoni kabla ya hapo anapanda ugomvi. Mahali hapa muda huhesabiwa kwa misimu, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa wanaoulizwa ni watu ambao baada ya kusema ndiyo hawatalima tena hapo.

Hata mjini, penye ardhi isiyopimwa, majirani na mwenyekiti wa serikali ya mtaa huitwa kushuhudia mipaka na kutia saini. Saini ya jirani ni ya bei nafuu kuliko kesi. Jirani akiwa safarini, au shamba likiwa la marehemu ambaye mirathi yake haijafunguliwa, kazi husimama. Wapimaji wazoefu humwomba mteja awakusanye majirani wiki mbili kabla ya mashine kufika, na ushauri huo ndio unaookoa siku nyingi kuliko wowote.

Kufufua mipaka na kupima sehemu za jengo

Kiwanja kilichokwishapimwa na chenye hati hakihitaji kupitia hatua zote hizo. Mnunuzi wa busara huomba mipaka ifufuliwe: mpima huchukua koodineti zilizosajiliwa, hurudi ardhini na kuonyesha bikoni zilipo au zilipopaswa kuwa. Kazi hii huweza kwisha ndani ya wiki moja, na nyingi ya siku hizo ni za kupata nakala za kumbukumbu. Inafaa ifanyike kabla ya malipo ya mwisho, na irudiwe kabla ya kumwaga zege la msingi. Kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa la jinai, lakini tingatinga haliisomi sheria.

Kenya hali hutofautiana kwa kiasi. Sehemu kubwa ya ardhi huko ilisajiliwa kwa mipaka ya jumla, yaani ua au mtaro unaoonekana, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 huchukulia mistari ya ramani hizo kuwa ya kukadiria hadi mpaka utakapowekwa rasmi. Kwa mnunuzi wa kiwanja cha biashara, kuuweka rasmi ni kazi ya ziada. Zanzibar nayo ina sheria na ofisi zake.

Jengo la ghorofa linalouzwa ofisi kwa ofisi au duka kwa duka hufuata Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16 ya 2008. Hapo mpima hupima kuta, sakafu, ngazi na maegesho, akitenganisha eneo la kila mmiliki na eneo la wote. Kwa jengo lenye maduka mengi kazi ya ndani pekee huweza kuchukua wiki mbili. Lazima jengo liwe limesimama ndipo kuta zake zipimwe, kwa hiyo mwenye jengo aliyepimiwa kiwanja chake kabla ya kuchimba msingi humwita mpima tena siku mafundi wanapokabidhi funguo.