SAFU YA LUGHA: Probayotiki si antibayotiki

Mfugaji wa kuku akiomba "dawa ya kukuzia" kwenye duka la pembejeo, anaweza kupewa antibayotiki, vitamini au probayotiki. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Neno antibayotiki, yaani kiuavijasumu, lina asili ya Kigiriki: anti ni "dhidi ya", bios ni "uhai". Dawa hii huua bakteria au huwazuia wasizaliane. Probayotiki ni kitu kingine kabisa: ni hamira hai au bakteria hai, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi, wanaochanganywa kwenye chakula ili wawabane vijidudu waharibifu tumboni mwa kuku. Vitamini ni kirutubisho tu.

Uswidi ilipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake tarehe 1 Januari 2006. Sababu ni usugu: vijasumu vikizoeshwa dawa kidogo kidogo, hatimaye havisikii dawa, hata mwilini mwa binadamu.

Mfugaji na asome pakiti kabla ya kulipa. Ikiandikwa oksitetrasaiklini, hicho ni kiuavijasumu, cha kumtibu mnyama mgonjwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Ikiandikwa Lactobacillus, hiyo ni probayotiki.